Je, wajua? Mahandaki ya Disney World hayakuchimbwa

Mbele ya kasri la Cinderella katika Disney World, eneo la bustani za burudani huko Florida, Marekani, pale ambapo kila familia husimama kupiga picha, kuna barabara nyingine chini ya miguu ya watu. Humo wafanyakazi wanapita na vigari vya betri, nguo za maonyesho zinarudi kutoka kufuliwa, chakula kinaelekea jikoni, na mabomba ya maji, umeme na taka yamepangwa darini. Mgeni aliyeko juu hasikii kitu.

Kila anayesikia habari hii huuliza swali moja: waliwezaje kuchimba mahandaki kwenye nchi ya vinamasi, ambako maji yako karibu sana na uso wa ardhi? Jibu linalokuja haraka mdomoni ni kwamba Wamarekani wana mitambo mikubwa, kwa hiyo walichimba, wakavuta maji kwa pampu mchana na usiku, wakamwaga zege. Jibu hilo linaridhisha, tena ni la watu wazima wenye akili zao. Ila si kweli.

Mahandaki yalijengwa pale pale usawa wa ardhi, kama unavyojenga nyumba ya kawaida. Halafu bustani nzima, pamoja na mitaa, maduka, miti na kasri, ikawekwa juu ya paa lake. Nafasi zilizobaki pembeni zikajazwa udongo, na macho yakadanganyika. Kwa hesabu yetu ya majengo, wageni wako ghorofa ya kwanza na “handaki” ndilo chini. Wamarekani huanza kuhesabu kutoka chini, ndiyo maana kwao husemwa kwamba bustani iko ghorofa ya pili.

Kosa hili ni gumu kufutika kwa sababu neno lenyewe linapotosha. Ukisema handaki, akili inaona shimo. Kumbe chumba kinakuwa “chini ya ardhi” kwa njia mbili: ukikishusha chumba, au ukiipandisha ardhi. Waliojenga Disney World walifuata njia ya pili. Ushahidi haujafichwa hata kidogo. Anayefika kwa kivuko kupitia ziwa la Seven Seas Lagoon anatua kwenye gati lililo juu kidogo tu ya maji, kisha anapanda polepole mpaka mtaa mkuu wa bustani. Mteremko ni wa upole na watoto wanavuta mikono, kwa hiyo wachache sana wanagundua kwamba wamepanda mita 4 na ushee.

Historia yake kwa ufupi. Walt Disney, mtengenezaji wa filamu za katuni, alifungua bustani yake ya kwanza, Disneyland, huko Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, kwenye ekari 160 zilizokuwa za michungwa. Muda si mrefu moteli na mabango ya watu wengine yakaizingira, na bustani ikakosa pa kupanukia. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni yake ikanunua ardhi Florida kimyakimya, kwa majina ya kampuni ndogondogo ili wauzaji wasipandishe bei. Ilipata takriban ekari 27,400, sawa na kilomita za mraba 111 hivi, kwa dola milioni 5, yaani chini ya dola 200 kwa ekari. Siri ilifichuka Oktoba 1965. Walt alifariki Desemba 1966 kabla ujenzi haujaanza, na kaka yake Roy akaisimamia kazi mpaka Magic Kingdom, yaani bustani hii yenye kasri na mahandaki, ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971.

Kuhusu wazo la mahandaki, husimuliwa kwamba Walt aliudhika siku moja Disneyland alipomwona mfanyakazi aliyevaa kichunga ng'ombe akikatiza katika eneo lililojengwa kuonyesha dunia ya kesho. Kisa ni kizuri, pengine kizuri kupita kiasi. Lakini hata ukikiweka kando, sababu za kazi zinatosha: bustani yenye maelfu ya wageni inahitaji kuingiza chakula, kutoa taka na kuziba mabomba yanayovuja, na kote huko mgeni hatakiwi kuona lori.

Sasa tuje kwenye maji, maana ndiko utamu uliko.

Nenda ufukweni Bagamoyo au Diani maji yakiwa yamekupwa, uchimbe mchanga kwa mikono. Mwanzo mchanga ni mkavu. Ukifika kina cha mkono, unalowa. Ukiendelea, maji yanajaa shimoni na kingo zinabomoka zenyewe. Hakuna aliyemimina maji hapo. Yalikuwepo muda wote, yamekaa katikati ya punje za mchanga, na wewe umeyafungulia chumba. Sehemu kubwa ya eneo hilo la Florida iko hivyo hivyo, mchanga juu na mawe ya chokaa chini, na maji hayako mbali na uso.

Watu hudhani shida ya kujenga mahali kama hapo ni maji kuingia ndani. Hiyo ni shida ndogo, kwani zege zuri na lami maalumu huzuia mengi. Shida kubwa ni kwamba chumba kitataka kuelea. Chukua sufuria tupu, uikandamize kwenye beseni la maji: mkono unasikia ikisukuma kuja juu, na kadiri unavyoizamisha ndivyo inavyosukuma zaidi. Waliowahi kufukia tangi la plastiki kwenye kiwanja cha bondeni wanaijua adha hii. Likiachwa tupu masika yakaingia, siku moja linakutwa limechomoza ardhini na mabomba yamekatika. Hakuna aliyelivuta. Maji ya chini yamelinyanyua.

Hesabu yake si ngumu. Chumba kilichozama mita 4 ndani ya maji ya ardhini husukumwa juu kwa uzito wa tani 4 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Zege lina uzito wa karibu tani 2.4 kwa mita ya ujazo. Tuseme sakafu ina unene wa sentimita 40 na slabu ya juu sentimita 30: jumla sentimita 70, ambazo ni tani 1.7 kwa mita ya mraba. Kuta zinaongeza, ila bado hufiki 4. (Vipimo hivi ni vya mfano, si vya ramani ya Disney.) Utalazimika kunenepesha sakafu, au kuifunga kwa nanga zinazoshuka hadi kwenye tabaka gumu, au kurundika udongo juu. Na muda wote wa ujenzi, kabla uzito huo haujatimia, pampu zisizimike. Zikizimika usiku mmoja wa mvua kubwa, asubuhi unakuta sakafu imepasuka.

Ukikijenga chumba hicho hicho juu ya usawa wa maji, deni lote la tani 4 linafutika. Kinachobaki ni kutafuta udongo wa kuzungushia.

Udongo ulitoka jirani. Mbele ya eneo la bustani palikuwa bonde la kinamasi. Walilichimba, na shimo lake ndilo Seven Seas Lagoon ya leo. Hapa kuna kosa lingine linalorudiwarudiwa: ziwa hilo si la asili. La asili ni Bay Lake lililo upande wa pili, ambalo nalo lilikaushwa, likakwanguliwa tope, kisha likajazwa tena. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya majani na magome ya miti ya kinamasini. Chini ya tope ukakutwa mchanga mweupe, nao ukatandazwa kuwa fukwe za hoteli. Kwa jumla walihamisha zaidi ya mita za ujazo milioni 5 za udongo. Mgeni anayevuka ziwa kwa kivuko, kwa hiyo, anapita juu ya shimo, kisha anapanda juu ya kile kilichotolewa shimoni.

Kujaza udongo nako kuna miiko yake. Ukimwaga kina cha mita 4 kwa mkupuo, juu patang'aa na ndani patabaki na mianya; mvua mbili tatu tu, sakafu inadidimia na mabomba yanavunjika. Kanuni ya kawaida ya mafundi ni tabaka la sentimita 20 hadi 30, unyevu wa kiasi, rola inapita mpaka pakaze, ndipo tabaka linalofuata. Ukuta nao haujazwi upande mmoja tu, kwa sababu udongo mbichi huusukuma na kuulaza.

Ndani ya mahandaki, yanayofunika takriban ekari 9, faida kubwa iko darini. Mabomba na nyaya vimening'inizwa wazi, kwa hiyo bomba likivuja fundi anaweka ngazi na kulifikia. Hana haja ya kupasua mtaa ambao saa tatu asubuhi utajaa watu. Kuta zina rangi tofauti kuonyesha uko chini ya eneo gani, la sivyo mgeni wa kazi angezunguka mpaka zamu iishe.

Lipo pia bomba la kufyonza taka, teknolojia ya Kiswidi, lenye kipenyo cha nusu mita hivi, na taka husafiri humo kwa kasi inayofika kilomita 100 kwa saa. Wengi huamini kwamba kila pipa la mtaani limeunganishwa nalo. Sivyo. Wafanya usafi hukusanya mifuko na kuitia kwenye vituo vilivyofichwa. Valvu hufunguka kwa zamu, na hewa huvuta mzigo hadi kwenye mtambo nyuma ya bustani. Adui wa mfumo wa aina hii ni kitu kirefu au kigumu, kwa sababu hukwama kwenye kona na kila kinachofuata kinarundikana nyuma yake.

Maji yenyewe hayakufukuzwa, yalipewa njia. Mifereji ya zaidi ya kilomita 60 ilichimbwa kuzunguka ardhi hiyo, ikapindishwapindishwa ifanane na mito. Malango yake hayana mota wala mlinzi. Kila lango ni bamba lililopinda lenye boya na uzito wa kusawazisha. Fikiria boya la tangi la nyumbani, ila ligeuze kazi: la nyumbani hufunga maji yakipanda, hili hufungua. Mvua ikinyesha, maji ya juu ya lango hupanda, boya hunyanyuka pamoja na bamba, maji yanapita chini. Yakishuka, bamba linarudi. Umeme ukikatika katikati ya kimbunga, lango halina habari.

Kasoro ya mpango huu ilionekana bustani ilipoanza kukua. Kuongeza ghorofa juu ya nyumba kunawezekana ukiwa na msingi mzuri. Kuongeza ghorofa chini ya nyumba iliyokwisha kusimama ni kazi nyingine kabisa. Kwa sehemu kubwa mahandaki yamebaki na ukubwa wa mwaka 1971, na mengi yaliyojengwa baadaye pembeni mwa Magic Kingdom hayana chochote chini yake.

Epcot, bustani ya pili ya Disney World, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982, ilipewa handaki dogo katikati tu. Bustani ya studio za filamu ya mwaka 1989 haina, wala Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, haina. Sababu ni gharama, na pia kwamba Florida haikuwa na uhaba wa ardhi kama Anaheim. Kwenye nafasi ya kutosha unazungusha barabara ya malori nje ya bustani, unaificha kwa miti, na kila jengo linapata mlango wa nyuma. Ni rahisi kuliko kuinua mtaa mzima mita 4. Kwa hiyo mahandaki ambayo dunia inayasimulia kama siri ya Disney yalifanyika kwa ukamilifu mara moja tu.

Huko Animal Kingdom msomaji wa Kiswahili atakuta jambo la kumchekesha kidogo. Kipo kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki kiitwacho Harambe, e moja pungufu ya ile ya Kenya, chenye kuta zilizobanduka plasta kwa makusudi kwa kuigiza Lamu, na baa iitwayo Dawa. Sakafuni pameandikwa “Uhuru 1961”. Sura ni ya Lamu, neno ni la Kenya, mwaka ni wa Tanganyika. Ukikanyaga maandishi hayo, chini yake hakuna vigari vya betri wala bomba la taka. Ni udongo mtupu wa Florida.