Mita 60 za ufukweni zinaanzia wapi?

Dalali akikupeleka kuona kiwanja cha bichi Kigamboni au Bagamoyo, mara nyingi mtafika maji yakiwa yamekupwa. Mchanga mweupe umetanda, bikoni ya mbele (jiwe la mpaka wa kiwanja) iko mbali na bahari, na jamaa anakuhakikishia kwamba "mita 60 tumeziacha." Mimi ni mpima ardhi, na swali langu hapo huwa moja: mmezihesabu kuanzia wapi?

Kwa Tanzania Bara, mita hizo zimo kwenye sheria zaidi ya moja. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaiweka ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari kwenye kundi la ardhi hatarishi, pamoja na mikoko na matumbawe. Yenye meno zaidi ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Kinakataza ndani ya mita hizo shughuli za kudumu, na nyingine yoyote inayoweza kudhuru ufukwe. Mvuvi anayevuta ngalawa yake mchangani siyo anayelengwa. Kinacholengwa ni nguzo za zege, shimo la maji taka, ukuta wa mawe.

Sasa turudi kwenye kuhesabu. Dar es Salaam, siku za bamvu, yaani maji makuu ya mwezi, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Chukua ufukwe unaoinama mita 1 kwa kila mita 30: hizo mita 3 za kimo zinakuwa mita 90 za mchanga. Aliyeanza kuhesabu maji yalipokupwa amezimaliza 60 zake akiwa bado baharini!

Ninachotafuta mimi ni mstari wa maji ya bamvu. Bamvu huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kilele chake siku moja au mbili baadaye, na makubwa zaidi ya mwaka huangukia karibu na Machi na Septemba. Yakishuka huacha utepe wa mwani mkavu, vijiti, vifuu, chupa za plastiki na ndala za mguu mmoja (ya pili sijui huwa inaenda wapi). Juu kidogo ya utepe huo mimea inayotambaa huanza kushika mchanga. Hapo ndipo naanzia, kisha nafunga vipimo kwenye bikoni zinazojulikana. Wavuvi wa eneo huniokolea muda mwingi. Ukiwauliza bamvu la mwezi wa tatu lilifika wapi, watakuonyesha mti.

Na mstari wenyewe hautulii. Kunduchi bahari imekula ardhi kwa miongo kadhaa, na uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayolisha fukwe zile umechangia. Wenye uwezo hujibu kwa kujenga ukuta. Ukuta unakinga kiwanja kimoja, wimbi linageukia cha jirani, naye anajenga wake. Kwa maoni yangu, ukuta wa mtu mmoja mmoja ni ujenzi mbaya kuliko wote ufukweni, hata ukiwa na kibali.

"Lakini nina hati." Jibu hilo nalisikia kuliko yote. Hati inakupa kumiliki kwa muda, hadi miaka 99, na kwa masharti. Haifuti sheria ya mazingira. Wengi hata hati hawana, wana karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Waulize waliokuwa bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, bomoabomoa ilipoanza mwishoni mwa 2015: nyumba ikishawekwa X nyekundu ya kubomolewa, mita ya umeme ya Luku ukutani siyo hoja tena.

Kabla ya kulipa, nenda halmashauri na namba ya kiwanja, uombe kuona mchoro wa mipangomiji na ramani ya upimaji. Kiwanja kikiwa cha makazi na wewe unataka hoteli, utaomba kubadilisha matumizi, halafu utakutana na Tathmini ya Athari kwa Mazingira kupitia NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Ukiona mikoko, ujue ni msitu wa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), hata kama imeota mbele ya geti lako. Zanzibar wana sheria zao za ardhi, kwa hiyo haya usiyabebe kwenda nayo Nungwi.

Ziwani hakuna bamvu, na hilo huwadanganya watu. Ziwa Victoria hupanda na kushuka kwa miaka, siyo kwa saa. Mwaka 2020 lilipanda hadi kiwango ambacho vijana wengi wa mwambao hawakuwahi kukiona, likaingia kwenye nyumba na mahoteli. Uganda, kwenye ziwa hilohilo, wanataka mita 200. Burundi wameweka 150 kwa Ziwa Tanganyika. Mita 60 zetu kwenye ufukwe bapa naziona chache. Kwa hiyo kiwanja cha Mwanza au Bukoba sikipimi kutoka kwenye maji ya leo. Natafuta doa la juu kabisa la maji kwenye kuta za gati na mashina ya miti, naanzia hapo, na mteja akilalamika kwamba nimemlia bustani, namwambia akalidai ziwa.