Maji kwenye mapafu hayaletwi na baridi

Juni na Julai, upepo wa baridi ukivuma Dodoma, mgonjwa akiambiwa mapafu yamejaa maji, utasikia: alikunywa maji ya baridi, au alitoka bila sweta. Maji ya kunywa huenda tumboni. Haya ya mapafuni huvuja kutoka kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe.

Moyo dhaifu unaweza kuyaleta. Lakini chanzo kingine kikubwa ni nimonia kali au vijidudu vilivyoenea kwenye damu. Seli za ulinzi ndani ya vifuko vya hewa huita msaada, na chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili hufurika. Humwaga vimeng'enya na kemikali za kuua bakteria, na silaha hizo hazichagui. Ukuta kati ya hewa na damu hauzidi maikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita) sehemu nyingi. Ukijeruhiwa, majimaji yenye protini hujaa na oksijeni hukosa pa kupita.

Ndiyo maana inaniuma kuona mtu anayehema juu juu akinunuliwa dawa za "kuongeza kinga" badala ya kukimbizwa hospitali akapate oksijeni. Hapa kinga yenyewe ndiyo inayojeruhi: mwaka 2020, deksamethasoni, dawa inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia.