Prednisoloni: Uvimbe Unaposhuka, Bakteria Hupata Nafasi

Mgonjwa wa pumu au baridi yabisi anajua thamani ya prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe. Ila uvimbe uleule inaoutuliza ni sehemu ya vita vya mwili dhidi ya bakteria.

Ili zifike penye maambukizi, chembe nyeupe za damu hujishikiza kwanza kwenye ukuta wa mshipa, kisha hupenya nje. Prednisoloni huzizuia kujishikiza. Hubaki zikizunguka, hivyo kipimo cha damu huonyesha nyingi wakati kidonda chenyewe kimekosa walinzi. Homa nayo hufifia. Hata utumbo uliotoboka unaweza kuuma kidogo tu, na mgonjwa akacheleweshwa kufanyiwa upasuaji.

Kifua kikuu ndicho cha kuhofia zaidi. Bakteria wake huweza kulala mwilini miaka mingi, wamezingirwa na chembe za kinga. Miligramu 15 kwa siku, yaani vidonge 3 vya miligramu 5, kwa mwezi mmoja au zaidi, zinaweza kuubomoa uzio huo. Kwa hiyo kabla ya matibabu marefu, taja kikohozi, jasho la usiku au kupungua uzito. Makohozi yapimwe na kifua kipigwe picha. Kwenye kipimo cha ngozi cha TB, kwa anayetumia dozi hiyo kinundu cha milimita 5 tayari kinahesabiwa kuwa ishara ya maambukizi, kwa kuwa dawa hukififisha. Na TB ikithibitika, rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hulifanya ini liivunje prednisoloni haraka, kwa hiyo daktari huenda akalazimika kuongeza dozi ya prednisoloni.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa vya kutosha: mnyoo strongiloidi, anayeingia kupitia ngozi ya anayetembea peku. Kinga ikishuka huzaliana kupita kiasi, na viluwiluwi vyake hutoboa utumbo vikibeba bakteria wa kinyesi hadi kwenye damu. Aliyeishi penye mnyoo huyo apimwe au apewe ivermektini, dawa ya minyoo, kabla ya kuanza prednisoloni.

Wanaonunua vidonge hivi dukani ili wanenepe huvikosa vipimo na tahadhari zote hizi, kisha huacha ghafla. Hilo ni kosa kubwa. Baada ya wiki 3 hivi za kumeza dawa, tezi za adrenali, zilizo juu ya figo na zinazotengeneza homoni inayofanana na dawa hii, huwa zimezoea kutofanya kazi. Maambukizi yakikukuta hapo, presha inaweza kuporomoka ukafa. Dozi ipunguzwe taratibu kwa maelekezo ya daktari.

Ukipata homa, hata ndogo, au kikohozi kipya, usiache dawa. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na pakiti yako mkononi, umwonyeshe mhudumu hata asipouliza.