Rangi Nyeusi Peke Yake Haizuii Mwanga
Wengi wanaojitengenezea sanduku la kuhifadhia karatasi za picha, zile zinazoharibika zikipigwa na mwanga, katika chumba cha giza cha kusafishia picha huamini kwamba likishapakwa rangi nyeusi ndani, kazi imekwisha. Sivyo. Rangi nyeusi hufyonza sehemu kubwa ya mwanga ulioingia, lakini haiuzuii kuingia. Mwanga hupenyea kwenye ufa mwembamba chini ya kifuniko, na kwenye pembe ambazo mbao zimekutana bila gundi ya kutosha.

Kinachouzuia ni kona. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Ukilazimika kupinda mara mbili, hupungua kila unapogonga ukuta mweusi, hadi ukabaki hafifu mno kuidhuru karatasi. Kwa hiyo sanduku liwe na kuta mbili zenye mfereji kati yake, na kingo za kifuniko zishuke humo sentimita 2 au 3. Rangi nyeusi isiyong'aa ina kazi kubwa hapo, ndani ya mfereji, kuliko mahali pengine popote. Inayong'aa hurudisha mwanga, kwa hiyo iepuke kabisa.

Usitegemee jicho kupima, maana karatasi hukusanya mwanga kidogo kidogo kwa saa nyingi. Gizani, weka sarafu juu ya kipande cha karatasi ndani ya sanduku, funga, kisha uliache siku nzima penye mwanga mkali. Baadaye kisafishe kipande hicho kwa dawa ya kutokeza picha, gizani vilevile. Ukiona duara jeupe la sarafu limezungukwa na kijivu, sanduku linavuja.