Je, wajua kwa nini mikate ya Pompeii ya mwaka 79 bado ipo?

Mkate ukisahaulika kabatini wiki moja tu huota ukungu. Lakini mwaka 1862, wachimbaji waliokuwa wakifukua mji wa kale wa Pompeii, kusini mwa Italia, walikuta tanuri la mwokaji mmoja likiwa na mikate 81 ndani. Ilikuwa ya mviringo, imechorwa mikato juu ili imeguke vipande vinane, na ilikuwa imekaa humo karibu miaka 1,800. Mikate ya namna hiyo unaweza kuiona kwa macho yako katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Naples: myeusi tii, umbo lake halijaharibika.

Iliwezekanaje? Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 Baada ya Kristo, upepo ulilisukuma wingu lake kuelekea kusini mashariki, na Pompeii ilikuwa njiani. Kwa saa nyingi mawe mepesi yenye vitundu yaliunyeshea mji hadi mapaa yakaporomoka. Kisha, asubuhi iliyofuata, mawimbi ya gesi na majivu ya moto yaliteremka mlimani kwa kasi ambayo binadamu hawezi kuikimbia. Mji mzima ukafukiwa.

Aliyewahi kuona watu wakichoma mkaa ataelewa kilichofuata. Magogo hufunikwa kwa majani na udongo ili moto ukose hewa ya kutosha. Mti hauwi majivu, unageuka mkaa na umbo lake linabaki. Ndivyo ilivyokuwa kwa mikate hii. Joto lilikuwa kali, hewa haikuwepo. Na kitu kikishakuwa mkaa, ukungu na wadudu hawana cha kula ndani yake. Tini, dengu na nafaka za mji huo zimehifadhika kwa njia hiyo hiyo.

Chakula hicho kimesaidia hata kuitilia shaka tarehe yenyewe ya maafa. Kwa karne nyingi vitabu viliandika 24 Agosti. Lakini miongoni mwa mabaki kuna makomamanga na matunda mengine ya majira ya vuli, na mwaka 2018 yakapatikana maandishi ya mkaa ukutani yenye tarehe inayolingana na 17 Oktoba. Watafiti wengi sasa wanaamini mlima ulilipuka vuli.

Ukipata siku moja tu ya kutembelea Pompeii, usiimalize yote kwenye mahekalu. Nenda kwenye vibanda vya chakula. Wakazi wengi waliishi katika vyumba vidogo visivyo na jiko, hivyo walinunua chakula kilichopikwa mtaani, na vibanda vya namna hiyo vimetambuliwa takriban 80. Utavijua kwa kaunta ya mawe yenye matundu ya mviringo. Ndani ya kila tundu umezikwa mtungi mkubwa wa udongo. Kimoja kilichofukuliwa kikamilifu mwaka 2020 kimechorwa jogoo na mabata kwa rangi ambazo bado zinawaka. Ndani ya mitungi yake watafiti walikuta mifupa ya bata, nguruwe, mbuzi na samaki, pamoja na konokono wa nchi kavu. Chini ya mtungi wa divai kulikuwa na maharagwe yaliyosagwa, yaliyotiwa ili kurekebisha ladha na rangi ya kinywaji. Mimi sijui maktaba inayoweza kukueleza maisha ya mtu wa kawaida wa Roma vizuri kuliko kaunta hiyo.

Safari yenyewe si ngumu. Kutoka stesheni ya Garibaldi mjini Naples, treni ya Circumvesuviana huchukua takriban nusu saa na kidogo hadi Pompei Scavi, hatua chache kutoka langoni. Vaa viatu imara, maana barabara ni za mawe makubwa yasiyo sawa, na kivuli ni haba. Magurudumu ya mikokoteni yamechimba mifereji katika mawe hayo, na katikati ya barabara kuna mawe yaliyoinuliwa ili watu wavuke bila kukanyaga maji na uchafu.

Mlima ule ule bado unalisha watu. Udongo uliotokana na majivu yake una madini mengi, na kwenye miteremko yake hulimwa nyanya ndogo zenye ncha, ziitwazo piennolo. Ngozi yake ni ngumu, kwa hiyo wakulima huzifunga vichala vikubwa na kuvining'iniza mahali penye hewa, zikadumu miezi kadhaa ya baridi huku ladha ikizidi kukolea. Warumi hawakuzijua, nyanya ilifika Ulaya kutoka Amerika baada ya mwaka 1492. Walichokipenda wao ni garum, mchuzi wa samaki waliolazwa kwenye chumvi na kuachwa juani, na mfanyabiashara mmoja wa Pompeii, Aulus Umbricius Scaurus, alitajirika kwa kuuuza. Katika kijiji cha wavuvi cha Cetara, pwani ya Amalfi, bado wanatengeneza mchuzi wa jamii hiyo kwa dagaa na chumvi, wakiuchuja tone kwa tone kutoka kwenye mapipa ya mbao. Huuita colatura. Matone machache juu ya tambi zenye kitunguu saumu na mafuta ya zeituni yanatosha kabisa, na chumvi ya ziada haihitajiki.