Nabi hakupotezea kombe Algiers

Kijiweni Kariakoo bado nasikia eti Nabi, aliyekuwa kocha wa Yanga, alizidiwa mbinu Algiers kwenye mechi ya marudiano ya fainali na USM Alger mwaka 2023, ndiyo maana Yanga wakakosa Kombe la Shirikisho Afrika. Si kweli, na inaniuma. Algiers Yanga walishinda 1-0, penalti ya Djuma Shabani ya mapema kabisa. Kombe liliponyoka hapahapa Dar, uwanja wa Mkapa, mechi ya kwanza, Mei 28. Mshambuliaji wetu Mayele kasawazisha dakika ya 82, 1-1, jukwaa zima limesimama, watu wanakumbatiana na wasiowajua. Kabla hatujakaa, USM Alger wakatupiga la pili. Jumla ya mechi mbili 2-2, wenzetu wakabeba kwa mabao ya ugenini: wao mawili Dar, sisi moja Algiers. Na huyo ndiye kocha aliyeipeleka Yanga fainali yake ya kwanza Afrika! Kumwita mbumbumbu ni kumkosea.