Trela Ilale, Gari Litembee: Kupanga Safari ya Familia Kutoka Lassen Hadi Redwood

Kila Januari mimi huletewa ramani na familia zinazotaka kuvuta trela ya kulala kwa mara ya kwanza. Ramani zenyewe hufanana: mstari mrefu kaskazini mwa California, ukaingia Oregon, ukateremka mpaka baharini, na juu yake nukta kumi na mbili. Kila nukta ni usiku mmoja. Kazi yangu huanza kwa kufuta nukta nane.

Njia siigombi. Katika wiki mbili watoto wataona Lassen, mlima uliolipuka mwaka 1915, kisha Crater Lake kule Oregon, ziwa lililojaa ndani ya mlima ulioporomoka, na mwisho redwudi, miti inayopita mita 100 kwenda juu. Ni sehemu chache duniani zinazokupa volkano na msitu wa namna hiyo kwa tangi chache za mafuta. Tatizo ni kwamba watu huipanga trela kana kwamba ni gari la kutalii, wakati ni nyumba. Kuihamisha ni kazi ya nusu siku: kufunga makabati, kumwaga maji machafu, kukunja ngazi, kuunganisha na gari, kukagua taa, kisha kufika na kuyarudia yote kinyumenyume huku watoto wana njaa. Ndiyo maana nawapa vituo vitatu au vinne, siku tatu au nne kila kimoja. Trela inabaki kambini, gari ndilo linalozunguka.

Kabla ya volkano, fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo yake pana kibandiko kinachotaja uzito ambao abiria na mizigo kwa pamoja hawapaswi kuuzidi. Wengi hukiruka wakakimbilia namba ya kwenye tangazo, ile ya uwezo wa kuvuta. Lakini trela huvutwa na kubebwa kwa wakati mmoja. Shingo yake, yaani ule mkono wa chuma wa mbele, inatakiwa iliegemee gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Ikiegemea kwa chini ya asilimia 10, trela huanza kutikisa mkia barabarani, na mkia wa trela ukishaanza kutikisika hutaki kuwa wewe uliyeshika usukani.

Chukua mfano. Trela ya kilo 2,500 ikiwa imepakiwa, shingo yake kwa asilimia 13 ni kilo 325. Watu wazima wawili, kilo 150. Watoto watatu, kilo 105. Jumla 580. Kama kibandiko kinasema 600, umebakiwa na kilo 20, na bado hujaweka baiskeli, sanduku la vifaa wala mbwa. Gari ambalo tangazo lilisema linaivuta trela hiyo bila shida limeshajaa kabla halijatoka getini. Maji nayo yana uzito: tangi la lita 150 likijaa ni kilo 150, na kama limekaa nyuma ya ekseli huinyanyua shingo na kuharibu hesabu yote. Safiri na maji kidogo, ujaze ukikaribia kambi.

Somo la breki nililipia mwenyewe. Nilikuwa nateremka kutoka Crater Lake, gia nimeiacha ijichagulie, mguu unapapasa breki kila kona. Kile kifaa cha kurekebisha nguvu ya breki za trela nilikuwa nimekiweka juu mno, kwa hiyo trela ndiyo iliyokuwa ikitusimamisha sote. Binti yangu, miaka sita wakati huo, akauliza kutoka nyuma, "Baba, nani anachoma plastiki?" Nikatoka nje ya barabara, nikamwagia tone la maji kwenye kitovu cha gurudumu. Likachemka na kupotea hapohapo. Tulikaa pale dakika arobaini tukila biskuti, mama watoto haniambii neno, na kimya chake kilikuwa kirefu kuliko mteremko. Madereva wa malori wana kanuni yao: gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Weka gia ya pili au ya tatu kabla ya mteremko kuanza, injini ishike mzigo, na breki uzikanyage kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha uziachie zipoe.

Kupanda nako kuna deni lake. Injini isiyo na turbo, yaani kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Barabara inayokata Hifadhi ya Taifa ya Lassen Volcanic hufika mita 2,594, maana yake karibu robo ya nguvu imeshaondoka, na kona zenyewe ni za kujikunja huku pembeni kuko wazi. Habari njema ni kwamba huna haja ya kuivusha trela huko. Ingia kwa upande wa kaskazini-magharibi, uipaki kwenye kambi ya Manzanita Lake, mita kama 1,790, halafu uvuke mlima na gari peke yake. Ziwa lenyewe lilizaliwa pale maporomoko ya mawe kutoka majabali ya Chaos Crags yalipoziba kijito karibu miaka 350 iliyopita. Watoto hupenda kusikia kwamba wamelala juu ya ajali.

Kutoka hapo nenda Bumpass Hell, ambako ardhi inatokota na hewa inanuka kama mayai viza. Jina limetokana na mtu aliyekanyaga ukoko mwembamba miaka ya 1860, akaungua mguu hata ukakatwa. Mimi huwasimulia watoto kisa hicho kwenye maegesho, si tukishafika, na njia ya mbao hawaiachi hata hatua moja. Mbwa haruhusiwi kwenye njia za miguu za Lassen, kwa hiyo kama mnaye, mmoja wenu atabaki. Pangeni zamu mapema, msije mkagombana asubuhi.

Swali la lini uende ndilo gumu kuliko yote. Theluji ya Lassen na Crater Lake huchelewa kuondoka, na barabara ya juu inaweza kubaki imefungwa mpaka Juni au hata Julai. Moto wa misitu nao haungoji. Mwaka 2021 moto ulioitwa Dixie uliunguza zaidi ya nusu ya hifadhi ya Lassen. Kati ya theluji na moshi kuna kijidirisha, na kwa wenye watoto wa shule mimi huchagua wiki za katikati ya Julai. Nafasi nyingi za kambi hufunguliwa miezi 6 kabla, ndiyo sababu ya zile ramani za Januari. Hata hivyo weka njia ya kutorokea: ukiamka na moshi, ruka kituo kinachofuata uende zako baharini, ambako mara nyingi upepo wa bahari husafisha hewa.

Lava Beds, hifadhi ya mapango iliyo njiani kuelekea Crater Lake, sishauri kulala ukiwa na siku chache, lakini mkipitia, kila mtoto awe na tochi yake. Pana mapango zaidi ya 700 yaliyoachwa na mikondo ya lava, na walinzi watawauliza kama viatu vyenu vimewahi kuingia pango jingine, kwa sababu ya ugonjwa wa popo. Jibuni ukweli.

Siku ya kuhama kuelekea Crater Lake usiiamini saa ya kufika inayotajwa na ramani ya simu. Simu haijui kwamba unavuta. California gari linalovuta trela haliruhusiwi kuzidi maili 55 kwa saa, kama kilomita 89, na huko vibao vyote ni vya maili na futi. Mimi huchukua muda wa simu nikauongeza nusu yake, nao haujawahi kuwa mwingi mno.

Crater Lake ni shimo la mlima Mazama, ulioporomoka miaka kama 7,700 iliyopita. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Ni mvua na theluji tu, mpaka kina kikafika mita 594, na hakuna ziwa lenye kina zaidi Marekani nzima. Trela ibaki kambi ya Mazama chini ya ukingo. Barabara ya upande wa mashariki ni nyembamba, na uongozi wa hifadhi wenyewe haushauri kupita huko na trela. Usiku wa Julai unaweza kukaribia kuganda. Feni ya hita itakula betri usiku kucha, na kama betri yako ni ya ile aina ya zamani, ya asidi, usiishushe chini ya nusu.

Hapo ndipo watu hunionyesha sola juu ya paa kwa fahari. Lassen itakufaa, Mazama kidogo. Kwenye redwudi ni pambo. Miti hiyo hufunika anga kiasi kwamba saa sita mchana unawasha taa ya jikoni. Ingia msituni betri ikiwa imejaa, na kama utakaa usiku tatu, tafuta mmoja wa katikati wenye umeme wa kuchomeka nje ya hifadhi.

Kambi za huko pia hupima trela kwa urefu, na baadhi zina kikomo kifupi. Pima yako kuanzia ncha ya shingo mpaka bampa la nyuma, maana namba iliyo kwenye jina la modeli mara nyingi haihesabu shingo. Howland Hill Road ni ya vumbi na hupinda kati ya vigogo. Davison Road, ya kwenda korongo la Fern Canyon, trela hazikubaliwi kabisa. Zote mbili ni tamu sana ukiwa na gari peke yake.

Usiku wa kwanza chini ya miti hiyo wanangu walisikia matone juu ya paa wakasema mvua imeanza. Nikatoka na tochi. Chini ya miti ardhi ilikuwa imelowa chapachapa, na hatua ishirini mbele, kwenye maegesho ya wazi, lami ilikuwa kavu. Ni ukungu wa bahari: majani huunasa na kuudondosha kwenye mizizi yao wenyewe. Viatu tulivyoviacha nje vilikuwa upande wa miti.